Yule Aliyejiita Mama

Mama yangu alianguka shambani kwake Muheto, katikati ya maharagi, akavunjika nyonga. Habari ilinifikia Kalembe kwa mdomo wa mama mmoja muuza viazi aliyekuwa akipita, na kabla hajamaliza kusema nilikuwa nimeshaanza kukunja vitenge. Mimi ni binti yake wa pekee. Kaka zangu wapo, tena wana mikono ya nguvu, lakini mama yetu alikuwa ameshasema zamani kwamba siku atakayoshindwa kujiogesha, mtoto wa kiume asikaribie mlango wake.

Kalembe nilimwacha mume wangu na binti yetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Wakubwa wake walikuwa wameshajenga kwao. Kumchukua haikuwezekana: shule ilikuwa inaendelea, na njia ya kwenda Muheto si njia ya kumpitisha msichana bila sababu. Kwetu mtu huuliza kwanza habari za barabara kabla ya kuuliza habari za nyumbani. Nikamwambia nitarudi baada ya wiki mbili. Nilikaa karibu miezi mitatu.

Nilimwachia simu. Ilikuwa simu ya zamani ya kaka yake, kioo kimepasuka kwenye kona, haina hata laini ndani, lakini ilikuwa inashika wifi. Parokia ilikuwa imepandisha antena juu ya paa, na katekista aliandika neno la siri kwa chaki kwenye ubao wa matangazo, chini ya saa za misa, ili kila mtu asome. Mchana, masomo yakiisha, ungeona watoto na watu wazima wamekaa kwenye mawe ya ukuta wa kanisa kama ndege, kila mmoja ameinamia mkono wake. Sisi wawili tulipanga kwamba atakuwa ananiandikia pale, nami nitamjibu kutoka Muheto. Baba yake ana simu ya mabatoni tu, na ili apige lazima apande kilima nyuma ya shule, mahali mtandao unapofika.

Asubuhi ya kuondoka nilimsimamisha mlangoni nikainua kidole.

"Usifungue kitu haujui. Usitume picha yako. Usiongee na mutu haujui. Na nikisikia kintu hata kimoja cha mubaya, ile simu naikamata. Hautaiona tena."

"Ndiyo, Mama."

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilitembea nikijisifu. Nilijiona mama mwenye akili, aliyefunga mlango vizuri kabla ya safari.

Muheto nilimkuta mama yangu amelala, amekasirika. Hakuwa na huzuni, alikuwa na hasira, kwa sababu maharagi yalikuwa yanataka kuvunwa na yeye yuko kitandani kama mtoto. Nilipomwogesha mara ya kwanza alifumba macho na kusema, "Unanisugua kama sufuria." Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu alishika mkono wangu wenye sabuni akauacha palepale begani kwake kwa muda, kisha akasema, "Endelea." Watu waliowahi kuwauguza wazazi wao wanajua neno hilo lilitoka mbali kiasi gani.

Mchana, akisinzia, nilishuka sokoni. Kulikuwa na duka moja la kuuza vocha na vifaa vya simu, na mwenyewe alikuwa amefungulia wateja wake wifi. Nilisimama chini ya bati lake, simu ikalia mara moja, mbili, tatu, ujumbe wa binti yangu ukiingia mmoja nyuma ya mwingine.

*Mama, Papa aliunguza bugali tena. Tulikula upande wa juu.*

*Mama, kuku mweupe ametotoa. Vifaranga sita. Moja hakuinuka.*

*Mama, leo ku hesabu nilipata muzuri. Mwalimu alisoma jina yangu mbele ya wote.*

*Mama, nimekukumbuka.*

Nilimjibu kila ujumbe. Nilimwambia koko yake, yaani bibi yake, anamsalimu, na ananung'unika, kwa hiyo anapona. Siku nzima ya kufua mashuka ilikuwa inaelekea kwenye dakika zile chache chini ya bati.

Siku moja ya soko watu walikuwa wengi, na wifi ya duka ilikuwa inazunguka tu bila kufunguka. Nilitazama kwenye orodha ya simu nikaona wifi mbili. Ya kwanza ilikuwa na jina la duka. Ya pili ilikuwa na jina lilelile, herufi moja tu imezidi mwishoni, na yenyewe haikuomba neno la siri. Nikasema moyoni, huyu mwenye duka ametuonea huruma, ametufungulia mlango wa pili. Nikaingia.

Ukurasa ulitokea, na rangi nzuri. Ulisema niandike namba yangu ili wanitambue kama mteja. Nikaandika. Mara ujumbe ukaingia kwenye simu wenye namba sita, na ukurasa ukasema niandike namba hizo hapo ili niendelee. Mama mmoja alikuwa amenisukuma na kapu la sombe, majani ya muhogo, mwingine alikuwa anapiga kelele kuhusu mbuzi, na mimi nilitaka tu kujua kama binti yangu amekula. Nikaziandika zote sita. Sikusoma maneno yaliyokuwa chini yake, yale yaliyosema usimpe mtu yeyote.

Programu yetu ya kutumiana ujumbe ikafungika. Nilipojaribu kuifungua, ikaniambia nianze upya, kama mtu mgeni. Nilidhani simu imechoka. Nikaizima, nikanunua chumvi, nikapanda nyumbani.

Jioni ile mvula ikaanza, na mama yangu akapata homa. Siku tatu sikushuka sokoni. Nilikaa nikimkanda kwa kitambaa na kumbembeleza anywe uji, na nilipokumbuka simu nilisema, mtoto ataelewa, atajua koko yake ni mgonjwa.

Sasa niseme yaliyotokea Kalembe siku hizo, kama nilivyokuja kuyasikia kwa binti yangu, na kama tulivyoyasoma pamoja baadaye, kwa sababu hakuyafuta.

Yule mtu aliyepata namba zangu sita, na pamoja nazo jina langu, hakumtafuta. Ni mtoto wangu aliyemwandikia kwanza. Siku iliyofuata ile ya soko, alikaa kwenye mawe ya parokia kama kawaida akaandika: *Mama, habari ya koko? Nimekukumbuka sana.* Picha yangu ilikuwa bado pale juu, ile niliyovaa kitenge cha Pasaka. Jina lilikuwa langu. Jibu likaja upesi kuliko siku zote.

*Na miye nimekukumbuka mutoto wangu.*

Alifurahi. Aliandika mengi siku ile. Alieleza vifaranga, alieleza mwalimu, alieleza kwamba baba yake huenda shambani mapema na hurudi jua likiwa limeinama. Alimwambia yote hayo mama yake, na aliyekuwa akisoma alikuwa mtu ambaye hadi leo sijui ana uso gani.

Kisha yule akauliza: *Uko darasa gani sasa?*

"Pale nilicheka," binti yangu aliniambia. "Nilisema Mama amechoka sana mpaka amesahau."

Yule akamwomba picha. Mtoto akakumbuka kidole changu mlangoni, usitume picha, lakini aliona kwamba sheria ile haimhusu mama mwenyewe. Akapiga moja, amevaa sare ya shule, nyuma yake ukuta wa kanisa, akatuma. Siku ya pili yule akamwomba nyingine, akasema aipige nyumbani, akiwa peke yake, Papa akiwa shambani.

"Niliangalia tena picha yako ya juu," aliniambia. "Sikujua sababu gani. Nilimwambia simu inakufa moto, inataka kuzimika."

Yule hakulazimisha. Alikuwa mjanja kuliko hapo. Aligeuza maneno, akaandika sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka:

*Unataka kuya huku kwangu? Koko anakuuliza kila siku.*

Msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye hajamwona mama yake kwa wiki nyingi, unamwuliza kama anataka kuja! Alijibu kwa neno moja mara nne: *Ndiyo ndiyo ndiyo ndiyo.*

Basi yule akampangia. Kesho kutwa asubuhi kutakuwa na kaka mmoja mwenye pikipiki pale njia panda, ametumwa na Mama. Abebe nguo chache. Asimwambie Papa, kwa sababu Papa atakataa, na mambo ya barabara anayajua vibaya, anaogopa ovyo. *Tutamushangaza,* aliandika.

Mtoto akafungasha. Alichukua vitenge viwili, kitana, na daftari la hesabu ili anionyeshe alama zake. Akachemsha mayai manne kwa ajili ya koko, akayafunga kwenye jani la mgomba.

Kuna mtu atauliza: alishindwaje kuona? Mimi siulizi. Mimi mwenyewe nilikuwa mwanamke mzima, nimesimama mchana kweupe, nikampa mtu nisiyemjua ufunguo wa jina langu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusoma habari za mtoto. Yeye naye alimwamini mtu asiyemjua kwa sababu alikuwa na haraka ya kuniona.

Lakini lile ombi la picha halikumtoka kichwani. Mchana wa mwisho kabla ya siku ya pikipiki, alirudi kwenye mawe ya parokia. Hakujua anatafuta nini. Aliniambia kwamba alitaka tu kusikia kitu kimoja kinachofanana na mimi. Alimwomba Mama atume sauti. Yule akajibu koo linamuuma. Mtoto akaandika:

*Mama, ku kitanda yetu nani analalaka upande ya ukuta?*

Kitanda chetu Kalembe ni kikubwa, na baba yake akilala shambani wakati wa kulinda mahindi, mimi na binti yangu hulala pamoja. Upande wa ukuta hakuna anayelala. Bati lina tundu pale, na mvula ikinyesha maji hushuka ukutani moja kwa moja. Tunaweka beseni, tunasongamana upande wa pili, na yeye hunipiga mateke hadi asubuhi.

Jibu likaja: *Wewe mutoto wangu.*

Akauliza tena, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya pili. *Fikiri muzuri Mama.*

*Unanipima? Miye ni mama yako. Kesho uwahi.*

Hapo akajua. Alizima simu, akarudi nyumbani, akaitumbukiza chini ya maharagi ndani ya gunia, kama mtu anayefukia kitu kinachonuka.

Na hakumwambia mtu.

Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma hadi leo, kuliko yule mtu mwenyewe. Kutwa ile na usiku ule mtoto wangu alibeba jambo lile peke yake, akala chakula na baba yake, akasali naye, akanyamaza. Alikuwa na jambo zito kuliko lolote lililowahi kumpata, na kitu kilichomfunga mdomo kilikuwa maneno yangu mimi, niliyoyasema nikijisifu. Nikisikia kitu hata kimoja, naikamata. Aliogopa kwamba akisema, simu itachukuliwa, na simu ikichukuliwa, hatakuwa na njia yoyote ya kunipata mimi wa kweli.

Asubuhi baba yake alikuwa nje anakaza mpini wa jembe. Mume wangu si mtu wa maneno laini. Mkono wake ni mzito na hasira yake iko karibu. Mtoto alisimama nyuma yake muda mrefu. Saa ya pikipiki ilikuwa inakaribia, na akawaza: kama yule mtu hatamwona njia panda, je, akija mpaka hapa nyumbani? Ukuta wa kanisa ulikuwa kwenye ile picha, na ukiuliza pale kila mtu anaijua nyumba yao.

"Papa," alisema, "kuko mutu anajiita Mama."

Alimweleza yote akiwa amesimama, akilia, mayai yakiwa bado mkononi. Alisubiri kofi. Baba yake aliweka jembe chini. Akasema, "Ulifanya muzuri kuniambia. Leta ile simu. Unisomee, pole pole."

Ujumbe ulikuwa bado umo ndani ya simu. Mume wangu kusoma kwake si kwingi, basi mtoto alimsomea kila kitu, hata yale ya aibu, na baba yake hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, alimpeleka kwa jirani yetu, mke wa katekista, akamwambia asimwache hata akienda chooni. Kisha akachukua wanaume wawili wa kanisa wakashuka njia panda. Ilikuwa asubuhi kama asubuhi zote: pikipiki saba au nane, vijana wanasubiri abiria, akina mama na mizigo ya ndizi. Waliuliza. Kila mmoja alisema hajatumwa na mtu. Labda mmoja alidanganya. Labda yule mtu hakuja, au alikuja, akawaona, akapita. Hatukumjua, na sasa nimekubali kwamba hatutamjua.

Wakaenda kumweleza mkuu wa kijiji, kisha mume wangu akamchukua mtoto wakapanda kile kilima nyuma ya shule.

Mimi nilikuwa nje Muheto ninaanika shuka, jua limetoka baada ya mvula. Simu yangu ilikuwa bado imezimwa, basi jirani wa mama yangu akaja mbio na yake mkononi. "Ni bwana yako. Sauti yake si muzuri."

Nilishika simu nikasema, "Halo? Nani anagonjwa?"

Kulikuwa na upepo mwingi, kisha sauti ya binti yangu, kavu, kama ya mtu mzima:

"Mbele ya yote, sema. Nani analalaka upande ya ukuta?"

Sikuelewa hata kidogo. Nilidhani anacheza. "Hakuna mutu!" nilisema. "Mvula inaingiaka pale! Unauliza nini, mutoto weye?"

Nilisikia kilio. Alilia kile kilio cha utotoni, cha kukosa pumzi, na nyuma yake baba yake anasema, "Ni yeye, ni yeye, sasa mwambie." Akaniambia. Maneno yalikuwa yanakatika kwa upepo, lakini nilisikia ya kutosha. Pikipiki. Nguo. Usimwambie Papa.

Nilikaa chini palepale kwenye tope, shuka safi ikiwa mapajani mwangu. Nilisema, "Niko hapa. Mama yako iko hapa. Haukukosa kitu. Ni miye nilikosa." Nililirudia hilo mpaka simu ikakatika.

Mama yangu akaita kutoka ndani, "Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Basi sababu gani unalia vile?"

Nilienda nikamweleza, hata wifi, hata namba sita, mambo ambayo hakuwahi kuyaona maishani mwake. Alisikiliza akitazama dari. Kisha akasema, "Hata sisi tulikuwa na watu wa namna ile. Walikuwa wanakuya ku shamba wanasema, mama yako ananituma nikuchukue. Mama yangu alitupa neno la kuwauliza." Hakuwahi kuniambia hilo. Nilimwuliza lilikuwa neno gani, akakataa kulitaja. Alisema neno la namna ile halizeeki.

Mchana nilishuka sokoni nikaenda kwa dada mmoja anayeshariji simu za watu kwa sahani za jua. Nilimchagua yeye kwa sababu hupenda kueleza bila kucheka. Nilimwonyesha simu. Aliuliza maswali mawili tu, akajua.

"Mama, zile namba sita njo ufunguo ya nyumba yako," alisema. "Uliipa mwizi ku mlango, ukamwambia asante."

"Sasa nifanye nini?"

"Tunabadilisha kitasa."

Aliniketisha kwenye kibao. Hakuichukua simu yangu mkononi mwake. Alinionyesha kwa kidole nami nikabonyeza mwenyewe, ili nijue. Tulifungua programu upya kwa namba yangu, namba sita nyingine zikaja, na safari hii nikaziandika mahali pake pa kweli, si kwenye ukurasa wa mtu. Ikafunguka. Yule mwingine akatolewa nje palepale. Kisha dada akaniwekesha namba nyingine ya siri juu yake, ambayo mimi peke yangu naijua, ili hata mtu akipata zile sita abaki amesimama mlangoni. Akanionyesha pia jinsi ya kuiambia simu isahau ile wifi yenye herufi moja iliyozidi. "Wifi ya watu wote iko kama maji ya muto," alisema. "Unaweza kunawa. Lakini usiweke ndani kintu hautaki watu waone. Na mbele ya kuingia, unaulizaka mwenye duka jina ya wifi yake, herufi kwa herufi." Tulikwenda kwa mwenye duka tukamwambia. Alishtuka. Hakuwa amefungua wifi ya pili. Aliandika jina la kweli la wifi yake kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha kadibodi akalitundika.

Nilituma ujumbe kwa ndugu wote, nikawaambia yaliyotokea, bila kujificha. Wengine walinipa pole. Shemeji yangu mmoja alinicheka. Binti yangu nilimtumia sauti, kwa sababu niliona maandishi tumeyamaliza kwa siku ile. Niliimba kidogo, vibaya, wimbo wa kumwamsha asubuhi. Akanirudishia sauti yake akicheka, na ndani yake kuku walikuwa wanalia.

Wiki nyingi zilipita kabla mama yangu hajasimama kwa fimbo. Siku aliyotembea mpaka kwenye maharagi, akayatukana magugu, nilijua naweza kurudi. Nilisafiri na watu wa kanisa, kwa miguu na kwa pikipiki, nikafika Kalembe mchana.

Alikuwa ameongezeka urefu. Alinikimbilia mpaka katikati ya uwanja, halafu akasimama hatua chache mbele yangu, ana aibu, hajui afanye nini na mikono yake. Nilimvuta. Kichwa chake kilikuwa kinanifikia kidevuni, na nilipoondoka kilikuwa kinanifikia begani.

Siku ya pili, tukichambua maharagi, nilimwambia kile nilichokuwa nimekibeba njia nzima.

"Nilikuambia nitakamata simu. Nilikosa kusema vile. Ukiona kintu mubaya, hata kama ni weye umekosa, uniambie. Sitakamata simu. Sitakupiga. Hata kama ni saa ya kupika, hata kama kuko wageni."

Aliendelea kuchambua. "Hata kama nilituma picha?"

"Hata kama ulituma picha."

"Nilituma moja, Mama."

"Najua. Papa aliniambia."

"Iko na yeye mpaka sasa."

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia ndiyo, labda iko naye, na kwamba ni picha ya mtoto mwenye sare safi anayemtabasamia mama yake, hakuna aibu hata moja ndani yake, aibu yote ni ya huyo aliyeichukua. Maharagi yalibaki mikononi mwake. Kisha akasema polepole, bila kunitazama:

"Kuko kintu sikumwambia Papa. Nilijua si weye mbele ya kuuliza ile ya ukuta. Nilijua tangu aliposahau darasa. Lakini nilikuwa natamani ikuwe weye. Njo maana niliendelea."

Nimesikia watu wengi wakieleza jinsi ya kuwalinda watoto na mtandao. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo kubwa kama hilo. Nilimwondolea maharagi mapajani, nikakilaza kichwa chake mapajani mwangu, mkubwa vile alivyokuwa, tukakaa. Baba yake alipita na kuni, akatuona, akazunguka nyuma ya nyumba.

Siku hizi akienda kwenye wifi ya parokia, mara nyingi naenda naye. Sikai kama polisi. Nabeba kazi yangu, kofia ya kufuma au njegere za kumenya, nakaa jiwe la pembeni. Akina mama wengine walianza kuja pia, kwanza kwa kuniona, halafu kwa sababu mahali pale pana upepo mzuri. Katekista alikubali kuandika chini ya neno la siri, kwa chaki ileile, kwamba parokia ina wifi moja tu na haiombi namba ya mtu. Mvula ikilifuta tangazo hilo, mtoto yeyote aliye karibu huliandika tena, na makosa yake ya herufi.

Juzi nilikuwa namsuka pale kwenye mawe, yeye anasubiri ukurasa wa somo la fizikia ufunguke. Ulikuwa unazunguka, unazunguka. Msichana mdogo wa jirani akaja akamwonyesha simu ya mama yake. Kulikuwa na ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, unasema ameshinda zawadi. Binti yangu hakumkemea. Alisogea, akampa nafasi kwenye jiwe, akamwuliza, "Ulishamuonesha mama yako?"

"Bado. Atakasirika."

"Mama yako iko wapi?"

"Ku kisima."

"Twende," binti yangu alisema, akainuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, na wakaondoka wameshikana mikono kuelekea kisimani. Mimi nilibaki nimeshika kitana, namsubiri arudi tumalize.